Bomba la boksi la sabufa hukatwa kwa hesabu

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi wanaounda maboksi ya sabufa (spika za besi) za magari hapa Mbeya, na wateja wao. Lile bomba la boksi si pambo wala tundu la kupumulia tu. Ndilo linaloamua besi itashuka hadi wapi, na anayelikata kwa kukadiria kwa jicho anamuuzia mteja bahati nasibu.

Makosa huanzia kwenye ujazo. Boksi la sentimita 60 kwa 40 kwa 35, likipimwa kwa nje, ni lita 84. Likiwa la mbao za milimita 18, ndani ni lita 64 na nusu, na hapo hujatoa nafasi ya sabufa yenyewe, bomba na mihimili.

Tuchukue sabufa ya inchi 12 inayotaka boksi la lita 50 lililolengwa, kwa urefu wa bomba, Hezi 35 (mitetemo 35 kwa sekunde). Vipimo vya ndani vya 50 kwa 36 kwa 32 vinatoa lita 57.6. Ondoa 3 za sabufa, 3 za bomba na 1 ya mihimili. Zinabaki 50 na kidogo. Bomba liwe na kipenyo cha ndani cha sentimita 10 (pima ndani, maana bomba la maji taka la inchi nne kwa nje ni kama 11). Zidisha 10 kwa 10, kisha kwa 23,562, namba isiyobadilika ya kanuni hii. Gawanya kwa 35 × 35 × 50. Unapata 38.5. Toa kipenyo mara 0.732, yaani 7.3. Urefu ni sentimita 31, unene wa ubao ukiwemo. Kwa kuwa kina ni 32 tu, bomba litokee ubavuni lilale kufuata ule upande wa 50, kwa sababu mdomo wake wa ndani ukisogelea ukuta chini ya sentimita 10 hewa inabanwa na hesabu yote inaharibika.

Kosa linaloudhi zaidi ni la bomba la pili. Bomba moja la sentimita 10 likisukumiwa wati nyingi hupuliza kama pampu ya baiskeli, basi fundi anaongeza jingine la urefu uleule. Boksi linaruka kutoka Hezi 35 hadi karibu 50: kelele ya upepo imepungua, besi nzito nayo imetoweka. Mabomba mawili kwa Hezi 35 yanataka karibu sentimita 70 kila moja, kwa hiyo tumia kona au jenga mfereji wa mbao, na nafasi yake uitoe kwenye ujazo.

Chini ya Hezi za boksi, hewa ya ndani haiishiki tena koni, ule uso wa sabufa unaotikisika. Koni inarushwa ovyo, koili (waya uliozungushwa nyuma yake) inagonga, na lawama anatupiwa muuza spika. Filta ya sabusoniki (inayozuia milio ya chini mno) kwenye amplifaya iwekwe kama Hezi 30.

Kuhakiki ni rahisi: piga mlio mmojammoja kwa simu, sauti ikiwa ndogo, kuanzia Hezi 25 hadi 50. Pale koni inapotikisika kidogo kuliko kwingine ndipo Hezi za boksi zilipo. Zikiwa juu mno, refusha bomba. Zikiwa chini, lifupishe.

Wapo wanaosingizia mwinuko wa Mbeya. Hewa nyembamba hupunguza ukubwa wa sauti kidogo, lakini haihamishi Hezi. Baridi ya Juni huishusha kwa chini ya Hezi moja. Kinachoharibu kweli ni unyevu. MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) isiyopakwa rangi huvimba kwenye kingo, hasa kwa magari ya Tukuyu kwenye mvua nyingi, na boksi linaanza kuvujisha hewa. Plaiwudi ya Mafinga ya milimita 18 inafaa kabisa, mradi ukague kingo zake: penye mapengo patalia. Gundi ya mbao kila kiungo, skrubu kila sentimita 15, silikoni pembeni kwa ndani.

Mteja naye adai tarakimu mbili kwenye risiti: lita halisi na Hezi. Bila hizo, fundi atakayefuata hatajua filta aiweke wapi.

Mpenzi wa muziki wa magari,
Mwanjelwa, Mbeya