Barua kwa vijana mnaotaka kuoana: pimeni sikoseli kabla ya mahari

Wanangu,

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Barua hii ni yenu nyie mnaojiandaa kuoana, wa Mwanza, Mara, Kagera, Tanga, Kisumu huko, popote mlipo, na hasa ambao posa imeshapelekwa na vikao vya harusi vimeanza na michango inachangwa. Kwenye uchumba mnaulizana kabila gani, dini gani, kazi gani, umesoma mpaka wapi, lakini kuna moja hamuulizani na ndo linakuja kuumiza watoto. We ni AA, yaani huna jeni ya sikoseli (ugonjwa wa damu wa kurithi), au ni AS, yaani unayo moja bila kuumwa?

Mimi nilikuwa nesi wodi ya watoto Kanda ya Ziwa mpaka nikastaafu, sikoseli naijua. Tanzania inakadiriwa kila mwaka wanazaliwa watoto zaidi ya 11,000 wenye ugonjwa huu, tuko kwenye nchi za mwanzo mwanzo duniani. Na unavyoanza unadanganya sana. Mtoto anazaliwa mzima, ananyonya, uzito unapanda vizuri kwenye kadi, halafu ikifika miezi sita saba hivi mama anakuja asubuhi macho mekundu, mtoto kalia usiku kucha, ukimfunua kanga unakuta vidole vya mikono na migongo ya miguu imevimba imekaza, ukigusa tu analia mpaka anakosa pumzi, na mara nyingi utaona chale bado mbichi kwa sababu kabla ya kuletwa hospitali alishapelekwa kwingine wakaambiwa karogwa.

Sasa hiyo miezi sita iangalieni vizuri, maana baadhi ya dawa mpya za ugonjwa huu zimetokea hapo hapo. Mtoto akiwa tumboni anatumia himoglobini (ile rangi nyekundu ya damu inayobeba hewa) ya kitoto ambayo haina shida yoyote. Akishazaliwa mwili unaizima kidogo kidogo na kuwasha ya kikubwa, na kosa liko kwenye hiyo ya kikubwa, herufi moja tu iliyobadilika kwenye jeni iliyopo kromosomu ya 11 (kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni), moja kati ya herufi kama bilioni 3 tunazorithi kwa kila mzazi. Hiyo moja inatosha seli nyekundu kujikunja na kuziba mishipa midogo, ndo yale maumivu ya mifupa mnayoyasikia.

Kosa lenyewe lilijulikana zamani. Mwanasayansi Linus Pauling na wenzake walionyesha 1949 kwamba himoglobini ya hawa wagonjwa ni tofauti, na 1956 mwenzao Vernon Ingram akaonyesha tofauti yenyewe ni kipande kimoja tu cha protini. Lakini miaka ikapita mingi, sisi wodini tunaendelea kutoa maji, damu na dawa za maumivu. Kilichokuwa hakijulikani ni nani anayeizima ile himoglobini nzuri ya kitoto. Ule mradi mkubwa wa kusoma jeni zote za binadamu ulianza 1990 ukatangazwa umekamilika 2003, uligharimu karibu dola bilioni 3, na karibu vipande vyote vilivyokuwa vimebaki vilikuja kusomwa 2022. Baada ya ramani hiyo ya jeni kupatikana watafiti wakaweza kulinganisha herufi za jeni za maelfu ya watu, wakawaangalia wale ambao himoglobini ya kitoto inabaki juu hata ukubwani, na mwaka 2007 na 2008 wakaifikia jeni inaitwa BCL11A, iko kromosomu ya 2, mbali kabisa na kosa lenyewe. Kumbe ndo swichi. Bila ramani nani angeenda kutafuta kule?

Novemba 2023 Uingereza ikaidhinisha tiba inayoitwa Casgevy na Marekani ikafuata Desemba. Wanatoa seli mama za damu za mgonjwa mwenyewe, wanazipeleka maabara wanaikata ile swichi kwa mkasi wa jeni uitwao CRISPR, mgonjwa anapewa kemo kali (dawa za aina ya kansa) kusafisha uloto wake, yale mafuta ya ndani ya mifupa yanayotengeneza damu, halafu seli zake zinarudishwa. Kwenye majaribio, wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa vya kutosha walimaliza angalau mwaka mzima bila shambulio kali la maumivu. Nilivyosoma hiyo nililia, sioni aibu kusema, niliwakumbuka watoto wengi sana. Lakini bei Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Kwa hiyo mtu akikufuata mtaani au kwenye simu anakuuzia tiba ya jeni ya sikoseli, iwe ya maji au ya vidonge, huyo ni tapeli, mkimbieni. Huku kwetu Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma imeshaanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye sikoseli, hiyo ni ya kweli, ila lazima apatikane ndugu anayeendana na mtoto.

Na msidhani basi kwa maskini hakuna kitu. Kuna haidroksiyurea, kidonge cha zamani tu, na kazi yake kubwa ni ile ile ya kuipandisha himoglobini ya kitoto. Kulikuwa na hofu kwamba kwenye malaria itawadhuru watoto, ikajaribiwa kwa watoto zaidi ya 600 Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, majibu yakatoka 2019: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, vifo vilipungua, na hata malaria yenyewe ilipungua. Kwa hiyo ukiambiwa na daktari mtoto aanze, usikatae kwa sababu jirani kasema ni dawa ya kansa.

Nyie wanaume nisikilizeni hapa. Nimeona ndoa zikivunjika wodini, baba anasimama anasema kwetu hakuna ugonjwa huo, mwanamke ndo kauleta. Mtoto hawezi kuwa SS, yaani mgonjwa, mpaka apokee S moja kwa baba na S moja kwa mama, kwa kweli hakuna njia nyingine. Mkiwa wote AS kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS, kila mimba jamani, siyo kwamba ukishampata mmoja mgonjwa watatu wanaofuata wako salama. Na S siyo laana ya ukoo wa mtu. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha 1954 kwamba wenye AS wanakingwa na malaria kali, ndo maana imeenea sana kwenye maeneo yetu ya mbu, babu zenu wenye AS walipona wakazaa wakati wenzao wanazikwa wadogo. 2018 watafiti Daniel Shriner na Charles Rotimi walisoma jeni za watu wengi wakakadiria S yote chanzo chake ni mtu mmoja, kama miaka 7,300 iliyopita. Sasa utamlaumu mkwe wako kwa hilo?

Mtafuatwa pia na watafiti wakiomba damu. Mi nasema toeni, kwa sababu Waafrika tumesomwa kidogo mno, mwaka 2020 walisoma jeni za Waafrika 426 tu wakakuta tofauti zaidi ya milioni 3 ambazo hazikuwa zimeandikwa popote, na dawa zinazotengenezwa kwa kuangalia Wazungu peke yao zinaweza zisitufae. Ila usisaini ile fomu ya ridhaa mpaka uelewe damu inaenda wapi, itatunzwa muda gani, majibu utapewa au hupewi, na ukijitoa itakuwaje. Seli za Henrietta Lacks wa Marekani zilichukuliwa 1951 bila ridhaa yake, na 2013 watafiti wakachapisha ramani ya jeni za seli hizo bila kuiuliza familia, wakati siri za jeni za bibi ni siri za wajukuu pia.

Basi nendeni mkapime wawili pamoja, na muulize kama kipimo kinatofautisha AS na SS, maana kile cha zamani cha sikling kinaonyesha tu S ipo. Mkikutwa wote AS sisemi muachane, huo uamuzi ni wenu, ila muuamue mnajua. Na mkiamua kuzaa, mtoto apimwe mapema kabla ya hiyo miezi sita, aandikishwe kliniki ya sikoseli, penisilini apewe asubuhi na jioni bila kuruka hata akionekana mzima, alale kwenye neti, chanjo zote amalize. Mwombeni nesi awafundishe kupapasa bandama upande wa kushoto chini ya mbavu, na siku mkilikuta limekua ghafla na mtoto kapauka midomo, msisubiri kukuche, mpelekeni hospitali usiku huo huo.