Simu haitoshi, njia ya matembezi inahitaji alama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji aliyeandika majuzi kwamba vilabu vya matembezi vinapoteza muda kumwaga unga na kuchora mishale porini, ilhali kila mtu siku hizi ana simu yenye ramani. Kwa maoni yake, kiongozi atume ramani ya njia usiku, asubuhi kila mmoja aifuate, yaishe. Nimeandaa njia za klabu yetu kwa miaka kumi na moja na barua ile nimeisoma mara tatu. Ndugu yetu anaiona alama kama kitu cha kumwelekeza mtu mmoja. Sisi tunaiweka ili kundi zima litembee pamoja.

Desturi yenyewe ni ya zamani. Wanafunzi wa Uingereza walikuwa na mchezo ambapo mmoja hutangulia akidondosha vipande vya karatasi, wenzake wakamfuata kwa kuvitafuta. Mwaka 1938 Waingereza waliokuwa wakiishi Kuala Lumpur, A. S. Gispert akiwa miongoni mwao, waliufufua mchezo huo na kuanzisha klabu ya Hash House Harriers, na mpaka leo vilabu vya namna hiyo vimeenea duniani. Anayeandaa njia wanamwita sungura. Sisi tuliokua tukisimuliwa hila za Sungura hatukuhitaji kufafanuliwa jina hilo.

Mtu ambaye hajawahi kuandaa njia hudhani duara la unga kwenye njia panda ni utundu wa kuchosha watu. Kwetu linafanya kazi hivi. Wenye miguu myepesi hufika kwanza na kulikuta. Duara maana yake njia imepotea hapa, itafuteni. Mmoja anaenda kushoto, mwingine anashuka bondeni, wa tatu anapanda. Ukikuta kidoa kimoja cha unga, nyamaza uendelee. Ukikuta cha tatu mfululizo, paza sauti. Ukikuta msalaba, rudi. Wakihangaika hivyo kwa dakika saba au nane, wa nyuma nao wanafika, wanapumua, wanakunywa maji, na sauti inapoita kutoka bondeni msafara unaondoka ukiwa mmoja. Kufikia jioni wenye mbio wametembea pengine kilomita mbili zaidi ya wenzao, wala hakuna mzee aliyekimbizwa. Ramani ya simu inampa kila mtu njia nzima mkononi tangu hatua ya kwanza. Ndani ya nusu saa wa mbele hamwoni tena wa nyuma, na hapo hamna klabu, kuna watu waliosalimiana asubuhi.

Ndiyo maana duara huwekwa kwa hesabu. Silitupi popote penye njia panda. Nalipanga pale ninapojua kundi litakuwa limeanza kukatika, mara nyingi baada ya mlima mrefu, na mahali penye kivuli na nafasi ya watu kusimama.

Katika kukadiria muda wa njia kuna kanuni ya Mskoti mmoja, W. W. Naismith, ya mwaka 1892. Ukiigeuza kwa vipimo vya leo ni kama saa moja kwa kila kilomita tano, na saa moja ya ziada kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa hiyo njia ya kilomita 10 yenye mpando wa mita 300 itachukua saa mbili na nusu. Hizo ni saa za mtu mwenye afya asiyesimama. Kwa kundi lenye vijana, wajukuu na wenye magoti mabovu mimi huandika saa nne, na sijawahi kujuta kwa kuzidisha. Niliwahi kujuta kwa kupunguza.

Njia yenyewe naitembea angalau mara mbili kabla ya siku ya alama. Mara ya kwanza ni ya kutafuta: wapi pana maji, wapi pana shamba la mtu ambaye lazima nimwombe ruhusa, kijia kipi kinaonekana kwenye ramani na kimekwisha kumezwa na majani. Mara ya pili naenda saa ile ile kundi litakapopita, kwa sababu ya jua. Kidoa ulichokiona vizuri asubuhi hakionekani kabisa saa kumi jioni jua likikupiga machoni. Hili hakuna aliyenifundisha. Niliwatazama watu ishirini wakipita kando ya mshale wangu kana kwamba haupo.

Kosa kubwa nililifanya mwaka wangu wa tatu. Niliweka alama alfajiri, nikarudi mwanzo wa njia kupokea watu, na mvua ikanyesha kabla hatujaondoka. Mahali pamoja palipogawanyika njia nilikuwa nimeweka kidoa kimoja tu, chini, kwenye udongo. Wa mbele walipita kwa sababu mmoja wao aliijua njia. Mwenzetu aliyefunga msafara alikuwa ameitwa mbele kumsaidia mtu aliyeteguka kifundo cha mguu, na mama mmoja mgeni akabaki nyuma na binti yake. Walichukua kijia kisicho chao wakashuka mpaka mtoni. Simu walikuwa nayo, lakini mtandao haukuwepo kule chini na ramani haikufunguka. Tuliwapata giza limeingia. Yule mama hakunigombeza. Aliniambia, "Mwanangu, niliitafuta alama yako chini, nikaitafuta, nikadhani ni macho yangu." Kwa saa mbili gizani alikuwa amejilaumu yeye kwa kosa langu.

Tangu siku ile kila panapogawanyika njia naweka alama mbili: ya unga chini, na ya chaki kwenye shina au jiwe, usawa wa macho, upande ambao mtembeaji anatokea. Hatua thelathini baada ya hapo naweka nyingine ya kumwambia kwamba hajakosea. Tukiwa bado mwanzoni nawatangazia wote: ukihesabu hatua mia bila kuona alama, geuka urudi kwenye ya mwisho uliyoiona, usubiri. Na anayefunga msafara haondoki nyuma kwa sababu yoyote. Akihitajika mbele, wa mbele ndio wanaorudi.

Penye kona kali ambayo mtu aliyezama kwenye mazungumzo ataipita, nachora mistari miwili, mmoja juu ya mwingine. Hiyo nimeiazima kwa wenye njia ya Appalachian kule Marekani, ambao huchora mstari mmoja mweupe kwa njia inayoendelea na miwili penye mgeuko. Rangi tunawaachia wao. Mtengeneza njia mmoja wa zamani, Claude-François Denecourt, alianza kuweka alama za njia zake katika msitu wa Fontainebleau, Ufaransa, mwaka 1842, na rangi ilifaa kwa kuwa njia zile zilikusudiwa kudumu. Njia yetu ni ya siku moja. Unga unaoshwa na mvua au unaliwa na wadudu, chaki inafutika. Vipande vya utepe wa plastiki navihesabu ninapovifunga na kuvihesabu ninapovifungua, na kikipungua kimoja narudi. Chokaa siitaki kabisa, inaunguza macho ya watu na ya wanyama.

Hata unga una adabu zake. Mwaka 2007, huko New Haven, Marekani, watu wawili walioacha alama za unga kwenye maegesho ya duka kubwa walisababisha watu waondolewe dukani, wakashitakiwa, kwa sababu waliouona walidhani ni sumu. Kumbukumbu ya barua zenye unga wa kimeta, ugonjwa unaoua, zilizotumwa huko Marekani mwaka 2001 ilikuwa bado haijawatoka watu. Karibu na majengo mimi natumia chaki tu, na wenye eneo wanakuwa na habari tangu jana yake.

Sikatai simu. Kwetu anayefunga msafara hubeba ramani iliyopakuliwa tayari, pamoja na betri ya akiba, na ninapoandaa njia napima umbali kwa simu hiyo hiyo. Ninachokataa ni ushauri kwamba tuache alama. Vilabu vipya vitaufuata kwa kuwa unapunguza kazi, na mtu wa mwisho atakayebaki peke yake njia panda hatakuwa yule aliyeutoa.

Namwomba ndugu yule ajiunge na klabu yoyote iliyo karibu naye, aombe kutembea nyuma kabisa pamoja na anayefunga msafara, na simu yake aiache mfukoni mpaka wafike kwenye duara la kwanza. Kisha aandike tena humu. Nitaisoma barua yake.

Ni mimi msomaji wako,
Mwandaaji wa njia