Kisutu kutoka kwenye sanduku la bibi

Nsambya, Kampala

Mpenzi Zainabu,

Asalaam aleikum. Sisi wazima, ila mvua imetuchosha.

Vitu vya marehemu bibi tumeshagawana. Shangazi kachukua cherehani, masufuria yamekwenda Jinja, mimi nikaomba ile kanga chakavu ya kisutu. Walinicheka! Mama yake bibi ndiye aliyekuja na kisutu hicho kutoka Mombasa kwa treni, miaka michache baada ya reli kufika Kampala mwaka 1931. Ilikuwa doti nzima. Kipande cha pili mpwa wangu alikuwa akifutia bodaboda mpaka kikaisha. Waganda wamelitunza lubugo lao, kitambaa cha gome la mti, hadi UNESCO ikaliandika kwenye orodha yake mwaka 2008, sisi vya kwetu tunafutia pikipiki.

Juzi nilikitandaza sakafuni. Rangi ni zile zile tatu za kisutu: nyekundu, nyeusi na nyeupe. Ukisimama mlangoni unaona wekundu mtupu. Ukiinama, wekundu unavunjika, kumbe ni vitone vidogo kama punje za mtama, duara ndani ya duara, na katikati ua jeusi. Nikapima kwa mkono: kila baada ya shubiri moja na vidole viwili ua linaanza upya, na hapo weusi umeuparamia wekundu kidogo, upana wa ukucha. Nadhani hapo ndipo fundi alipoinua kibao cha kuchapia akakiweka tena. Nikafuata alama zake mpaka mwisho wa nguo, magoti yakaniuma. Katika mji wote, ile sehemu ya kati ndani ya pindo, amekosea mara mbili tu.

Halafu kisutu hakina jina, unajua. Kanga nyingine tunakimbilia kusoma maneno, nani kasemwa, ua hata hatulitazami. Hapa hakuna cha kusoma, basi macho yanabaki kwenye ua.

Nikakipeleka kwa fundi wa fremu mjini. Akakikunjua, akakuna kichwa, akasema kioo chake ni kidogo, "tupunguze haya mapindo, maua ya katikati yanatosha." Nilikinyakua mezani kabla hajashika mkasi. Pindo ndilo linaloukusanya mji, Zainabu! Bila pindo yale maduara yangekwenda tu bila kukoma, kama kitambaa cha pazia. Aliyekichora alishakitia fremu yake, mimi natafuta nyingine ya nini?

Basi nitakitundika kwenye ufito, ukuta wa chumbani usiopigwa na jua. Upindo wa juu umefumuka, na mkono wangu unaujua, unashona kama unafunga gunia. Ukija Idi njoo na sindano zako nyembamba na uzi mwekundu wa pamba, ule uliofifia, usiniletee unaong'aa.

Wasalimie watoto.

Wako,
Mwanaisha