Kwa nini bili ya Kombi yako ina mabati na mpira

Hatukosi mteja anayesimama mlangoni na bili mkononi, kidole kikiwa kwenye mstari mmoja: mabati ya injini, mpira wa kuzungushia, kazi ya kufunga. Swali huwa lile lile. "Fundi, injini yangu ilinoki, nimekuja kutengenezewa injini. Haya mabati ni ya nini, mnaezeka nyumba?" Wa juzi hakuishia kuuliza. Aliwaambia wenzake wenye Kombi kwamba tumemwibia. Hatujamwibia, na tunaeleza hapa ili kila mwenye Kombi ya zamani ya Volkswagen ajue pesa yake inakwenda wapi.

Gari linalopozwa kwa maji lina rejeta. Kombi ya zamani haina. Injini yake inapozwa na hewa inayosukumwa na feni moja, ambayo kwenye injini ya 1600 imefungwa kwenye shafti ya dainamo, ndani ya kava la bati. Injini ya 1600 ikikimbia kasi, feni hiyo inasukuma zaidi ya lita 500 za hewa kila sekunde. Hewa hiyo lazima ipite katikati ya mapezi (vile vyuma vyembamba vinavyotoa joto) ya silinda na hedi, itokee chini ya gari ikiwa imebeba joto, na isirudi tena juu. Kinachoielekeza ni mabati. Kinachoizuia isirudi ni mpira unaozunguka injini yote na kuziba mwanya kati ya mabati na bodi. Mabati na mpira ndiyo rejeta yako. Ukiuziwa Toyota isiyo na rejeta utapiga kelele, lakini Kombi isiyo na mpira watu wanaichukua, wanaipiga rangi mbili nzuri na kuanza safari ya Diani.

Injini nyingi zinazoletwa hapa baada ya kufunguliwa kwingine zinakosa vitu vile vile. Kwanza ni vile vibati vidogo vinavyokaa chini, katikati ya silinda na silinda, kazi yake ikiwa kuibana hewa igusane na mapezi ya upande wa chini. Havionekani injini ikishafungwa, kwa hiyo anayetaka kumaliza kazi jioni hiyo hiyo huviacha kwenye karai la mafuta taa. Pili ni bati la nyuma, juu ya ekzosi. Bila bati hilo, feni inavuta hewa iliyokwisha kuchemshwa na ekzosi na kuirudishia injini. Mwenye gari haoni geji yoyote ikipanda, kwa kuwa Kombi haikutoka kiwandani na geji ya joto. Anasikia tu gari limekosa nguvu, anakanyaga zaidi.

Kombi moja ilikuja hapa ikivutwa kutoka Mai Mahiu. Injini ilikuwa imefanyiwa kazi yote miezi michache nyuma: pistoni mpya, ringi mpya, kranki imechongwa. Ilikuwa inapanda kutoka bondeni kuja Limuru, gia ya pili, watu sita ndani na mizigo juu. Tulipofungua, kichwa cha valvu ya ekzosi ya silinda ya tatu kilikuwa kimekatika na kupondaponda pistoni. Kwa nini ya tatu? Katika injini za kabla ya 1971 kipoza oili kinasimama ndani ya kava la feni, juu ya silinda hiyo. Hewa inayoifikia imeshapita kwenye oili ya moto. Kwa hiyo silinda ya tatu huishi kwenye joto zaidi kuliko wenzake hata gari likiwa zima kabisa. Ukiondoa vibati vya chini, hiyo ndiyo inayokufa ya kwanza. Mwenye gari alikuwa ameokoa pesa ya mabati, akalipia injini mara mbili, na mzee yule alikuwa ametumia kiinua mgongo chake. Iliniuma, na inaniuma kila ninapoikumbuka.

Watu wengine hutuambia: mbona Volkswagen ilishinda Safari Rally mwaka 1962, kwenye vumbi na matope, na ilikuwa injini hii hii ya hewa? Ni kweli, na sisi tunajivunia historia hiyo kuliko mtu yeyote. Lakini ile ilikuwa Beetle. Kombi ina injini ya ukoo huo huo, ila bodi yake ni kubwa, inapambana na upepo uso kwa uso, na wewe umeipakia kitanda, jiko, friji na familia.

Themostati, inayofungua vilango vya hewa injini ikishapata moto, nayo ina maneno mengi. Mafundi wengi hapa mjini huitoa pamoja na vile vilango vya hewa ndani ya kava, wakisema nchi yetu ni ya joto. Aliyesema hivyo hajawasha gari Limuru saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa Julai. Injini inayochelewa kupata moto inakula silinda na kuchafua oili. Tena hofu ya kwamba ikiharibika itafunga hewa haina msingi: themostati ikitoboka hutanuka na kuacha vilango wazi, haivifungi. Tukiikuta haipo tunarudisha, na ndiyo, inaandikwa kwenye bili.

Jambo la mkanda nalisema kwa herufi nzito kwa sababu limeua injini nyingi zisizo na kosa. Kwenye injini ya 1600, mkanda mmoja unazungusha dainamo na feni pamoja. Taa nyekundu ya chaji ikiwaka njiani, kwenye magari mengine dereva anasema ni chaji tu, nitafika. Kwenye Kombi huenda ina maana feni imesimama. Simama hapo hapo, zima, fungua nyuma uangalie mkanda. Dereva mmoja aliyeazimwa gari na shemeji yake aliona taa ile karibu na Mtito Andei, akaendelea mpaka injini ikakwama. Mkanda ni kitu cha bei ndogo, na kila Kombi inayotoka kwetu inatoka na wa akiba na spana ya kuubadilishia. Hatuuzi bila hivyo.

Mipira ya petroli tunaibadilisha yote, hata ile inayoonekana nzuri. Hapa pia tunalaumiwa. Bloki ya injini ya 1600 ni ya aloi ya magnesi. Ikishika moto haizimiki kirahisi, na maji yanauongeza badala ya kuuzima. Mpira uliopasuka unadondoshea petroli kwenye injini ya moto, na ndani ya dakika chache huna gari. Tunafunga mpira mpya wenye klipu, na tunamwomba mteja anunue kizima moto cha poda akiweke karibu na mlango, mahali mkono unafika.

Sasa mambo ya ndani, maana wengi wanakuja kwetu kwa ajili ya kitanda na jiko, injini wameisahau kabisa. Tunapenda kazi hiyo, seremala wetu ana mkono mzuri sana. Lakini hatuanzi kupiga msumari kabla hatujaikagua injini, na huo mpangilio ndio unaowaudhi watu. Hewa ya injini inaingia kupitia yale matundu ya pembeni, juu nyuma ya madirisha ya mwisho, na kushuka ndani ya bodi. Tumewahi kufungua Kombi iliyopambwa vizuri sana, mbao za kung'aa, na kukuta sponji ya kuzuia joto imejazwa mpaka kwenye njia hiyo ya hewa. Mwenyewe alilala pazuri usiku na injini yake ikakosa pumzi mchana. Nyingine, ya injini ya 1700, kitanda kilikuwa kimepigiliwa skrubu juu ya mfuniko wa sakafuni unaofungulia injini. Kubadilisha plagi tu kukawa kazi ya kubomoa kitanda.

Mbao za unga zilizogandishwa (chipbodi) ni rahisi, tunajua. Mteja wetu mmoja wa Mombasa alitengenezewa kabati za mbao hizo na mtu mwingine, na kabla mwaka haujaisha zilikuwa zimevimba kwa unyevu wa bahari hadi milango haifungi. Sisi tunatumia plaiwudi ya baharini ya milimita 12, kingo zote zikiwa zimepakwa vanishi hata zile zisizoonekana. Chini ya kabati tunaacha nafasi ya hewa kupita, vinginevyo sakafu inaanza kutu usiyoiona. Maji ya lita 60 ni kilo 60, kwa hiyo tangi halikai nyuma juu ya injini ambako tayari kuna uzito. Linakaa katikati.

Na tafadhali, meko ya mtungi wa gesi wa kilo 6 haikai ndani ya kabati lililozibwa. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini pale pale unapolaza watoto. Kabati la mtungi lazima liwe na tundu la sakafuni linalotoka nje, na liwe mbali na ekzosi. Mteja akikataa tundu kwa kuwa litaharibu sakafu aliyoitandika, tunakataa kufunga jiko. Tumepoteza kazi kadhaa kwa msimamo huo na hatutaubadilisha.

Spea zenyewe, mabati ya mtumba yapo Grogan, kwenye maduka ya spea Nairobi, na tunayatumia yakiwa mazima, hatumlazimishi mtu kununua mapya. Kinachopandisha bili ni saa za kuyanyoosha, kuyapiga brashi, kuyachomelea palipoliwa na kutu na kuyajaribu moja moja mpaka yakae bila mwanya. Ukitaka tufunge injini bila mabati kamili hatufungi. Ukitaka tufunge bila themostati tutafunga, lakini tunaandika kwenye risiti kwamba umekataa, na hapo dhamana yetu inaishia.

Huduma ya kawaida ya injini ya 1600 haina siri: oili lita 2.5 kila kilomita 5,000, mapema zaidi ukikaa kwenye vumbi, kwa sababu injini ya 1600 haina filta ya karatasi, ina chujio la waya tu. Valvu tunaziweka milimita 0.15, na zinapimwa injini ikiwa baridi kabisa. Ndiyo maana tunakuambia ulete gari jioni ya kuamkia siku ya kazi, lilale hapa. Hatutozi maegesho ya usiku huo. Anayelileta saa nne asubuhi likitoka Thika likiwa la moto atasubiri mpaka kesho yake, hata akiwa na haraka.