Madereva wapunguziwe kazi za simu wakiwa usukanini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie tabia ya madereva kutumia simu huku wakiendesha magari, tabia ambayo hapa Nairobi imezoeleka hivi kwamba abiria wengi hawashtuki tena wanapoiona.

Sheria ipo. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 zinamtoza faini ya Sh2,000 dereva anayetumia simu gari likiwa linakwenda. Gari lililo katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa hupita takriban mita 22 kila sekunde, kwa hivyo dereva anayesoma ujumbe kwa sekunde tano tu huwa amekwenda zaidi ya mita 100 bila kutazama mbele, na hayo akiyafanya kwenye Barabara ya Thika, pale Roysambu au Githurai ambapo watu na bodaboda wamejaa kando ya barabara, sijui anamtegemea nani.

Linalonisikitisha zaidi ni kwamba simu hiyo mara nyingi ni ya kazi. Dereva wa teksi aliyenibeba majuzi aliletewa ombi la mteja mwingine kabla hajanifikisha, na kwa kuwa alikuwa na sekunde chache tu za kulikubali, alibonyeza skrini tukiwa katikati ya mzunguko. Kwenye matatu nako, abiria akilipa nauli kwa M-Pesa na nambari iwe ya dereva, makanga humwuliza kwa sauti, "Dere, imeingia?" naye huinua simu akague. Faini pekee haitamwondolea mtu huyu sababu ya kushika simu.

Wapo wanaodhani vifaa vya masikioni vinatosha. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba kuongea bila kushika simu si salama kuliko kuishika kwa kiasi kikubwa, kwani akili ya dereva huwa imeshatekwa na mazungumzo. Ndiyo maana nasi tunaopiga simu tunapaswa kukata mara tunapoambiwa mtu yuko barabarani.

Nazisihi kampuni za teksi zisimtumie dereva ombi jipya hadi gari lisimame, na vyama vya matatu vihakikishe nauli inaingia kwenye simu ya makanga. Mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, nayo ifanye jambo hili kuwa sharti kila chama kinapoomba leseni upya.

Abiria wa kila siku,
Kasarani, Nairobi