Barua kutoka Ilagala: nyekundu na nyeupe mlangoni mwa mto

Ilagala, Kigoma
8 Septemba 2024

Somo yangu mpenzi,

Salaam nyingi. Huku tu wazima, ila kitinda mimba wangu alisumbuliwa na malaria wiki mbili zilizopita. Sasa anakula na ameanza utundu wake, ndiyo maana nimepata nafasi ya kukujibu.

Umeniuliza kama ni kweli tumeanza kukaa pamoja, watu wa samaki, watu wa maji, watu wa mazingira na serikali ya kijiji, maana huko kwenu Pangani mikoko ina wenyewe, maji yana wenyewe, na chumvi inapanda mtoni hadi mashambani. Ni kweli, somo. Lakini jambo hili lilianzia shambani kwa wifi yangu, si kwenye kikao.

Unalikumbuka lile shamba la mpunga chini ya michikichi, ulipozama kwenye tope ukapoteza kandambili? Mwaka jana walikuja watu wa ofisi moja na kamba yao. Wakapima mita 60 kutoka ukingoni mwa maji, wakachimbia vigingi vya rangi nyekundu. Ndivyo sheria inavyosema, mita 60, hilo halina ubishi. Baada ya miezi minne wakaja wa ofisi nyingine, nao wakapima mita 60, wakachimbia vya rangi nyeupe. Nyeupe zikaangukia hatua thelathini na kitu ndani zaidi kuliko nyekundu. Nilizihesabu mwenyewe kwa miguu yangu. Sababu ni kwamba ziwa letu Tanganyika lilikuwa limejaa, unajua jinsi lilivyopanda miaka hii hadi kumeza nyumba za watu ufukweni. Kila mmoja alipimia pale alipoyakuta maji siku ile.

Wifi akabaki na mpunga wake katikati. Kwa hawa yuko kwenye haki yake, kwa wale ni mvamizi. Akaacha kupalilia, akawa anakwenda tu jioni kuutazama, ndege wakaula. Na majirani nao wakasema, kama wenye ofisi hawajui mpaka uko wapi, basi mpaka haupo. Wakafyeka matete hadi majini.

Hapo ndipo nilipolia, somo, nakuambia kweli. Alfajiri ukiingia na mtumbwi kwenye matete ukayatenga kwa kasia, unaviona vifaranga vya samaki aina ya ngege, vidogo kama punje za mtama, vinatawanyika halafu vinarudi palepale. Huko juu mto wetu huu, Malagarasi, unapita kwenye ardhioevu kubwa, ile ya Malagarasi–Muyovozi iliyoingizwa kwenye Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, mwaka 2000, ya kwanza nchini kwetu, zaidi ya hekta milioni 3. Ile ni chujio. Inashika tope la mbali. Lakini tope la mashamba ya huku chini halina chujio jingine zaidi ya matete yetu haya. Na Tanganyika si bahari yenu inayopwa na kujaa. Maji yake yana mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo. Tope likishaingia na kufunika mawe, samaki wanaokwangua ukoga kwenye mawe watakula nini?

Kisha mwaka huu ziwa likafungwa, tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapumzike. Mimi niliunga mkono, ingawa nyumbani tulikula maharage hadi watoto wakachoka. Basi usiku mmoja tukawakuta watu na kokoro, ule wavu mrefu wa kuvuta, mlangoni mwa mto. Tulipowauliza wakajibu, "Ziwa limefungwa, mto haujafungwa." Tukapiga simu. Ofisi ya kwanza ikasema hilo la mtoni si lao. Ya pili ikasema samaki si wao. Kokoro likavutwa hadi kukapambazuka.

Mimi ni katibu wa BMU, kikundi chetu cha kusimamia uvuvi ufukweni, ndiye niliyeandika barua za kuwaita. Tuliomba wote waje siku moja, na tukaomba tusikae ukumbini. Wakaja. Tukatembea ukingoni kutoka kivukoni hadi karibu na ziwa, jua likiwaka, viatu vya wakubwa vimejaa tope. Tulipofika kwenye ule mwembe mkubwa, mzee mmoja mvuvi akaweka kiganja chake kwenye shina, pale alama ya tope kavu ilipoishia, usawa wa kifua chake. Akasema, "Maji yalifika hapa. Pimeni kutoka hapa." Walinyamaza wote. Mmoja akauliza tunawezaje kukubaliana, na mwenzake akamkumbusha kwamba nchi nne zilisaini mkataba wa ziwa hili Dar es Salaam mwaka 2003, na mamlaka yao ya pamoja iko Bujumbura hadi leo. Sembuse ofisi nne za mkoa mmoja?

Wakapima pamoja, kamba moja. Vigingi vya zamani vikang'olewa, na vipya vina rangi zote mbili. Pia wamekubaliana kwamba ziwa likifungwa tena, mlango wa mto nao uhesabiwe humo, na doria iwe moja: mtu wa samaki, mtu wa maji na BMU kwenye boti moja. Mafuta ya boti ndiyo bado yanawagombanisha.

Kuhusu wifi, nisikufiche. Mstari mpya umechukua karibu theluthi ya shamba lake. Kijiji kimemuahidi kipande kingine upande wa juu, lakini hajaoneshwa, na mvua ziko mlangoni. Nimeliweka jambo lake la kwanza kwenye ajenda ya kikao cha Oktoba, kabla ya mafuta.

Uniandikie huko Pangani wakulima wa ukingoni walifidiwa vipi, kama walifidiwa. Nataka niende na mfano mkononi. Na bei ya nazi pia uniambie.

Nisalimie shemeji na watoto.

Ni mimi somo yako.