Maneno matano kwa wiki yanatosha

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jinsi tunavyofundisha msamiati wa tabia na ukuaji wa mtu, kwa watoto na hata kwa watu wazima wanaojiendeleza kilugha. Mtindo uliozoeleka ni orodha: maneno ishirini au thelathini, kila moja na maana yake kando. Mwanafunzi huyakariri, hufaulu jaribio, kisha huyaoni tena katika insha yake wala katika mazungumzo yake.

Tatizo huanzia kwenye upangaji. Subira, uvumilivu na ustahimilivu yakifundishwa siku moja, hugongana kichwani na mwanafunzi huyatumia kama neno moja. Ndivyo ilivyo pia kwa ubahili na ubadhirifu: atakumbuka kwamba yote yanahusu mali, asijue lipi ni la anayebana na lipi ni la anayetapanya. Kwa wiki moja chagua matano yaliyo mbali kimaana, mathalani subira, uwajibikaji, ukarimu, ujasiri na usikivu. Ustahimilivu uje wiki tatu au nne baadaye, subira ikishakaa.

Kila neno lifundishwe na ukoo wake, na mlango wa kuingilia uwe kitenzi. Vumilia, mvumilivu, uvumilivu. Tulia, mtulivu, utulivu. Nyenyekea, mnyenyekevu, unyenyekevu. Wajibika, mwajibikaji, uwajibikaji. Mwanafunzi akishauona mpangilio huu, neno moja humpa matatu, na usikivu ataukisia mwenyewe kutoka kwenye sikia. Hapo aonywe mapema kwamba si kila sifa huanza na U. Subira, busara, hekima, staha na ari ziko katika ngeli ya I-ZI, kwa hiyo tunasema uvumilivu wake lakini subira yake, utulivu mwingi lakini busara nyingi. Asipoelezwa hilo ataunda "ubusara", au ataandika "uvumilivu yake", na kosa likizoeleka ni kazi kuling'oa.

Kitenzi kina faida nyingine ambayo naiona kubwa kuliko hiyo ya sarufi. Mtoto anayeambiwa "wewe ni mvivu" amepewa jina la kuishi nalo. Anayeambiwa "leo hukujituma" ameelezwa tendo la siku moja, ambalo kesho anaweza kulibadili. Sifa njema nazo zisemwe hivyo hivyo: "umesubiri zamu yako bila kunung'unika" humwonyesha hasa alichofanya vizuri, ilhali "wewe ni mtoto mzuri" haimwonyeshi chochote. Waswahili husema uungwana ni vitendo, na msamiati wake ufundishwe kwa vitendo.

Kwa sababu hiyo sentensi za mifano zichunguzwe kwa makini. "Juma ni mwaminifu" ni sentensi sahihi isiyofundisha kitu, kwani ukifuta neno la mwisho unaweza kuweka mrefu, mgonjwa au mkulima. Jaribu hii: "Alirudisha chenji aliyozidishiwa ingawa hakuna aliyeiona, na kwa ______ wake akakabidhiwa sanduku la michango." Hapo pengo linadai uaminifu. Mwanafunzi aandike sentensi mbili za namna hiyo kwa kila neno, na mwenzake azijaze. Pengo likikubali maneno mengi, sentensi irudiwe.

Afundishwe pia maneno yanayoandamana na sifa hizo, maana hapa hata wenye msamiati mpana hujikwaa. Subira huvutwa, bidii hufanywa au hutiwa, ahadi hutimizwa, haya huonwa, moyo hupigwa konde.

Kuhusu marudio, mwanasaikolojia wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa silabi zisizo na maana. Yalionyesha kwamba sehemu kubwa ya tulichojifunza hutoweka mapema sana, ndani ya siku ya kwanza, kisha kasi ya kusahau hupungua. Ratiba inayofaa ni kurudia siku inayofuata, kisha siku ya 3, ya 7 na ya 21. Kurudia si kusoma daftari upya. Sentensi yenye pengo iandikwe upande mmoja wa kadi, na neno na ukoo wake upande wa pili. Mwanafunzi ajibu kwanza, ndipo ageuze. Dakika kumi zinatosha.

Baada ya miezi miwili hivi maneno yanayokaribiana yanaweza kukutanishwa bila madhara, na kwangu hii ndiyo hatua tamu kuliko zote. Yapangwe kwa ngazi: woga, ujasiri, ujuba; ubahili, ukarimu, ubadhirifu; kiburi, unyenyekevu, unyonge. Kiburi hakihitaji mjadala mrefu, lakini mpaka kati ya unyenyekevu na unyonge unastahili kipindi kizima. Mnyenyekevu anaijua thamani yake na hajikwezi. Mnyonge amekwisha kukata tamaa ya kusema. Wanafunzi watoe mifano, wabishane, na kila mmoja aeleze kwa nini ameliweka tendo fulani upande huu na si ule.

Ninaomba basi, Mhariri, ukurasa wa wanafunzi katika gazeti lako uchapishe maneno matano tu kila wiki, pamoja na vitenzi vyake na sentensi tano zenye mapengo. Majibu yatoke toleo linalofuata, yakiambatana na mapengo mawili ya maneno ya wiki tatu zilizopita.

Mwalimu wa Kiswahili